Nimeghairi: Mashairi Yanayokana Mashairi

Mbunge akitamka neno la kukera katika Bunge letu, mwenzake ataruka juu na hoja ya nidhamu, na Spika atamwambia aondoe kauli yake na aombe radhi. Mbunge atasimama, atasema ameondoa na anaomba radhi, kisha atakaa. Kazi imeisha. Lakini chukua Hansard ya siku hiyo usome. Spika asipokuwa ameagiza maneno yafutwe kwenye kumbukumbu, utayakuta yote mawili: tusi lenyewe na, mistari michache chini yake, kuondolewa kwa tusi. Atakayesoma miaka 50 baadaye atajua ulichosema, na atajua pia ulijaribu kukirudisha mdomoni.

Wahenga walilijua hili kabla ya Hansard. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema. Kisha wakakazia: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Sasa fikiria shida ya mshairi. Wewe na mimi tukiropoka kwenye matatu leo, kufikia kesho kutwa watu wamesahau. Mshairi naye ametia maneno yake vina na mizani makusudi yasisahaulike. Hiyo ndiyo kazi ya ushairi tangu enzi ambazo hakukuwa na karatasi. Kwa hivyo mshairi akigundua kwamba shairi lake lilikuwa na kosa, au akilazimishwa kukubali hivyo, hana pa kulificha. Watu wanalo kichwani. Dawa ni moja tu: atunge lingine.

Wagiriki wa kale waliipa dawa hiyo jina, palinodia. Palin ni kurudi nyuma, ode ni wimbo. Wimbo wa kurudi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia hii nimeisoma bila mtu wa kunipangia ratiba, nikiruka kutoka Sicily hadi Madina hadi Leningrad, kitabu kimoja cha mtumba baada ya kingine. Pengine ndiyo sababu nawaona washairi hawa wote kama ukoo mmoja. Na kila nikiwasoma, swali moja linanirudia: mtu akikana maneno yake, tutajuaje kama ameona ukweli au ameona kiboko?

Mwanamke ambaye hakupanda merikebu

Wa kwanza kwenye ukoo huu ni Stesichorus, mshairi wa Himera katika kisiwa cha Sicily, aliyeishi karne ya 6 kabla ya Kristo. Alitunga shairi kuhusu Helen, yule mwanamke ambaye hadithi zinasema alimwacha mumewe akatoroka na Paris, na vita vya Troy vikawaka kwa ajili yake. Stesichorus alimpaka matope kama walivyofanya wengine. Tatizo ni kwamba kwa watu wa Sparta, Helen hakuwa mhusika wa hadithi tu. Alikuwa na hekalu na watu wa kumwabudu. Masimulizi yanasema Stesichorus akapofuka.

Ujumbe ulimfikia kwa njia ya ajabu. Pausanias, mwandishi aliyezunguka Ugiriki karne ya 2 baada ya Kristo akikusanya visa kama hivi, anasimulia habari za Leonymus, jemadari wa mji wa Croton aliyejeruhiwa vitani na kutumwa kutafuta uponyaji kwenye Kisiwa Cheupe, karibu na mlango wa mto Danube. Huko akawakuta mashujaa waliokufa zamani, Helen akiwa kati yao. Helen akamtuma: nenda Himera, mwambie Stesichorus upofu wake umetokana na hasira yangu.

Stesichorus akatunga palinodia. Hakusema tu samahani. Alisema hadithi yenyewe si ya kweli: Helen hakupanda merikebu na hakufika Troy. Kilichofika kule kilikuwa kivuli, sanamu ya hewa iliyofanana naye. Wanaume wakauana miaka 10 wakigombania moshi. Alipomaliza kutunga, macho yakafunguka.

Unaweza kucheka, lakini angalia alichokifanya. Alibadilisha habari yenyewe, na mabadiliko yale yakashika. Mwaka 412 kabla ya Kristo, Euripides aliandika tamthilia nzima kuhusu Helen wa kweli aliyekaa Misri vita vyote huku kivuli chake kikipiganiwa. Mafunjo yaliyofukuliwa Misri katika enzi zetu yana maelezo ya msomi wa kale anayesema Stesichorus alitunga palinodia mbili, moja ya kumlaumu Homer na nyingine ya kumlaumu Hesiod. Yaani alipokuwa akiomba msamaha alipata nafasi ya kuwasuta wakubwa wake. Ukitubu mbele ya watu, hakikisha kuna mwingine aliyekosea zaidi yako!

Plato ndiye aliyetuhifadhia mishororo michache ya shairi lile, katika mazungumzo yanayoitwa Phaedrus. Humo Socrates ametoka nje ya kuta za Athens, ameketi chini ya mti kando ya mto Ilissus na kijana anayependa hotuba. Anatoa hotuba ya kuponda mapenzi, na anapoitoa amejifunika kichwa kwa aibu. Akimaliza anataka kuvuka mto aende zake, lakini kitu ndani yake kinamzuia. Anasema ameukosea Upendo, ambaye ni mungu, na lazima alipe. Homer alipofuka asijue kwa nini, akabaki kipofu. Stesichorus alijua, akapona. Socrates anasema atawashinda wote wawili kwa kutubu kabla adhabu haijafika. Anafunua kichwa na kutoa hotuba ya pili, mojawapo ya hotuba nzuri zaidi kuhusu mapenzi ambazo nimewahi kusoma.

Kile kichwa kilichofunuliwa ndicho kipimo cha kwanza. Socrates hakushikiwa rungu na mtu. Alisema maneno ya kwanza amejificha, na ya pili uso ukiwa wazi.

Joho la Madina, na uradi wa Lamu

Kwetu Pwani ukoo huu una tawi lake, na tawi lenyewe linaanzia Uarabuni.

Ka'b bin Zuhayr alikuwa mtoto wa mshairi mkubwa. Baba yake, Zuhayr bin Abi Sulma, ni mmoja wa wenye zile kasida maarufu za Waarabu wa kabla ya Uislamu. Ndugu yake, Bujayr, aliposilimu, Ka'b alimtumia mashairi ya kumkejeli na kumshambulia Mtume Muhammad. Wakati ule shairi lilikuwa silaha. Lilibebwa na misafara kutoka kisima hadi kisima, na kabila lililotukanwa liliweza kubeba aibu vizazi na vizazi. Damu ya Ka'b ikahalalishwa. Bujayr akamwandikia: ama uje utubu, ama utafute pa kujificha duniani.

Ka'b alikosa pa kujificha. Karibu na mwaka 630, baada ya Makka kufunguliwa, aliingia Madina akifunika uso, akaketi mbele ya Mtume, akauliza: Ka'b akija hapa akitubu, utampokea? Alipojibiwa ndiyo, akajitambulisha. Mtu mmoja wa Madina akaruka kutaka kumkata shingo, akazuiwa. Ka'b akaanza kughani.

Kasida yake ina beti zaidi ya 50, na haianzi kwa toba hata kidogo. Inaanza na Su'ad, mpenzi aliyeondoka. Kisha inamsifu ngamia. Msamaha unakuja mwishoni kabisa, na ukisoma kwa makini unaona Ka'b anajitetea zaidi ya anavyoungama. Anaomba asihukumiwe kwa maneno ya wasengenyaji, hata kama yaliyosemwa juu yake ni mengi. Masimulizi yanasema Mtume alivua joho lake, burda, akamtupia. Ndiyo maana kasida ile inajulikana kwa jina la joho.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho hakisimuliwi sana. Katika kasida ile Ka'b aliwasifu Muhajirina, wale waliohama kutoka Makka, akawapiga kijembe watu wa Madina, yaani Ansari, pengine kwa sababu ya yule aliyetaka kumchinja. Ansari wakakasirika. Kwa hivyo Ka'b akalazimika kutunga shairi jingine la kuwasifu wao. Palinodia juu ya palinodia! Ukianza kurudi nyuma, hujui utasimama wapi.

Karne ya 13, huko Misri, al-Busiri akapooza nusu ya mwili. Akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akalala, akaota Mtume amemfunika kwa joho, akaamka mzima. Nayo ikaitwa Burda. Sio ya Ka'b, ila ni kama kitukuu chake. Ukifananisha na kisa cha Sicily, utaona umbo ni lilelile: mwili unashikwa, shairi linatungwa, mwili unaachiliwa.

Karibu na mwisho wa Burda, al-Busiri anasema anatoa sifa hizi ili asamehewe dhambi za umri alioutumia katika ushairi na utumishi. Alikuwa karani wa serikali na mshairi wa wenye vyeo. Alitunga kwa kuajiriwa, akasifu watu kwa sababu walikuwa na pesa. Burda ni shairi linaloomba radhi kwa mashairi mengine. Na hiyo ndiyo inayosomwa Lamu, Mombasa na Unguja hadi leo, watu wakipokezana sauti. Kasida nyingine ya al-Busiri, Hamziya, ilitiwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate zamani sana, na ni miongoni mwa maandiko ya kale zaidi ya lugha yetu tuliyonayo. Kwa hivyo mtu akisema palinodia ni mambo ya Wazungu, mwambie imekaa mashairini mwetu miaka mingi, sema hatukuipa jina.

Tena Pwani ina utamaduni wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alirushiana mashairi na washairi wa miji pinzani, jibu kwa jibu. Ukilielewa hilo, palinodia haikushangazi. Ni mtu anajijibu mwenyewe.

Chaucer na hila ya orodha

Sio kila anayeondoa kauli anataka iondoke kweli. Katika miaka ya 1380, Geoffrey Chaucer wa Uingereza aliandika shairi ambamo Mungu wa Mapenzi anamkamata na kumshtaki kwamba amewachafulia wanawake jina, hasa kwa kuandika habari za Criseyde aliyemsaliti Troilus. Malkia Alceste anamtetea, na adhabu inakuwa kuandika visa vya wanawake wema. Chaucer anaandika kisa baada ya kisa, visa vyenyewe vinaanza kufanana, kisha anaacha kazi katikati. Ni kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi mara 100 akaishia ya 40.

Mwishoni mwa Canterbury Tales anaghairi kwa uzito zaidi. Anaviondoa vitabu vyake vya mambo ya kidunia na kuwaomba wasomaji wamwombee. Lakini ili aviondoe, lazima avitaje. Anavitaja kimoja kimoja. Matokeo ni kwamba toba ile imekuwa orodha ya kazi zake. Ndani yake kuna kitabu cha Simba ambacho hakipo tena popote. Tunajua Chaucer alikiandika zaidi kwa sababu alikikana.

Huo ndio mtego wa kufuta kwa maneno. Kifutio chenyewe kinaandika.

Shairi lililokataa kufa

W. H. Auden alijaribu njia nyingine: kutolichapisha tena. Alihamia Marekani mwanzoni mwa 1939, na vita vilipoanza Ulaya aliandika shairi lenye jina la tarehe ile, Septemba 1, 1939, mwenye kusema akiwa ameketi kwenye baa New York. Lilichapishwa mwezi uliofuata na likapendwa sana. Kuna mshororo mmoja hasa, unaowataka watu wapendane la sivyo wafe, uliokuja kuwa kama methali.

Baadaye Auden aliutazama mshororo ule akasema ni uongo, kwa sababu tutakufa hata tukipendana. Akaondoa ubeti mzima. Haikusaidia. Akaondoa ubeti mzima. Bado hakuridhika. Mwisho akalitupa shairi lote nje ya mkusanyiko wake wa 1966, pamoja na shairi lake la vita vya Hispania la 1937, akieleza kwamba kuna mashairi aliyoyaandika ambayo hayakuwa ya kweli, kwa sababu yalisema mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini. Mhariri mmoja aliyeruhusiwa kuchapisha machache kati yake katika 1964 alitakiwa aeleze wazi kwamba mtunzi anayaonea haya.

Namheshimu Auden kwa hili. Hakuna askari aliyemgongea mlango. Angeweza kula sifa akanyamaza. Alilipinga shairi lake zuri kwa sababu uzuri wake ulikuwa unasaidia uongo upite.

Lakini shairi halikumtii. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wakati Auden ana karibu miaka 28 kaburini, watu walilitafuta, wakatumiana na kulisoma hadharani. Jiji lilikuwa lilelile, mwezi uleule, hofu ileile. Hawakuuliza mtunzi alighairi nini. Shairi likishatoka si lako tena kwa asilimia mia. Unaweza kulikana, huwezi kuliua.

Penseli na karatasi

Hadi hapa tunaweza kutabasamu. Urusi ya Stalin inatufuta tabasamu.

Novemba 1933, Osip Mandelstam alitunga shairi fupi la kumkejeli Stalin. Hakuliandika, alilighani tu kwa watu wachache aliowaamini. Mei 1934 akakamatwa. Akapelekwa uhamishoni, kwanza Cherdyn, halafu Voronezh. Mwanzoni mwa 1937, kamba ikizidi kukaza, alitunga utenzi wa kumsifu Stalin.

Mkewe, Nadezhda, alieleza baadaye jinsi lilivyotungwa. Kwa kawaida Mandelstam alitunga akitembea, midomo ikicheza, na maneno yalifika kwenye karatasi mwishoni kabisa. Safari hii alikaa mezani na penseli na karatasi mbele yake, kama mtu aliyeingia ofisini. Alikuwa akijilazimisha. Na halikumwokoa. Mei 1938 akakamatwa tena, na Desemba mwaka huohuo akafa katika kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok.

Baada ya kifo chake kulikuwa na watu walioona afadhali utenzi ule usitajwe, abaki shujaa msafi. Nadezhda alikataa. Aliuhifadhi pamoja na mashairi mengine aliyoyabeba kichwani miaka na miaka, kwa sababu kuuficha kungekuwa kudanganya kuhusu jinsi walivyoishi.

Rafiki yao Anna Akhmatova alipitia njia hiyohiyo. Mume wake wa kwanza, Nikolai Gumilev, alipigwa risasi 1921. Mwanawe, Lev, alikamatwa tena 1949. Mwaka 1950 gazeti la Ogonyok lilichapisha mashairi yake ya kumsifu Stalin na amani ya Kisovieti. Alikuwa anajaribu kumnunua mtoto wake kwa sarafu pekee aliyokuwa nayo. Lev hakuachiliwa hadi 1956, miaka mitatu baada ya Stalin kufa.

Lakini Akhmatova alikuwa na shairi jingine, Requiem, kuhusu wanawake waliopanga foleni nje ya gereza la Leningrad kutafuta habari za waume na watoto wao. Hilo halikuwa gazetini. Lilikaa vichwani mwa marafiki wachache. Aliandika kipande kwenye karatasi, rafiki akakisoma kimyakimya hadi akakishika, karatasi ikachomwa kwenye kisahani cha sigara. Halikuchapishwa nchini mwake hadi 1987, wakati yeye alikuwa ameshafariki tangu 1966.

Kwa hivyo katika 1950 ulikuwa na shairi la uongo lililochapishwa na shairi la kweli ambalo halikuwa popote ila kwenye kumbukumbu za watu. Miaka ya baadaye, baadhi ya mashairi yale ya sifa yalipoingia katika kitabu chake, alikuwa akiwapa marafiki nakala ambazo ameyafunika kwa karatasi za mashairi mengine, ameziweka kwa gundi. Kila nakala kwa mkono wake. Ile gundi naiona kama palinodia pia. Alikuwa anakana kukana kwake.

Shairi la Kamiti

Nina sababu ya kukaa sana na mifano hii, na sababu yenyewe iko hapa nyumbani.

Katika 1968, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichouliza Kenya Twendapi? Alikuwa upande wa KPU, chama cha upinzani ambacho serikali ya Kenyatta ilikuwa inakibana. Akakamatwa na kufungwa miezi 18. Serikali ikakata rufaa kwamba kifungo ni kidogo, kikaongezwa hadi miaka mitatu. Muda wake mwingi aliupitisha peke yake katika seli, na mashairi aliyaandika kwenye karatasi za choo na kuyatoa kwa siri.

Katika hali kama hiyo ndipo palinodia huzaliwa. Shairi moja la kusifu, barua moja ya kuungama, na pengine mlango ungefunguka mapema. Alichotunga ni kinyume chake. Katika N'shishiyelo ni Lilo, Abdilatif anamjibu anayetaka aache msimamo wake, na anakataa: anachokishika ni kilekile alichokishika jana. Ni palinodia iliyopinduliwa. Umbo lote lipo, mshairi, maneno ya kwanza, adhabu, mtu anayesubiri kusikia "nimeghairi". Ila pale ambapo Stesichorus anageuka, Abdilatif anasimama.

Alitoka 1972. Mashairi yakatolewa mwaka uliofuata kwa jina Sauti ya Dhiki, na 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Soma jina hilo tena. Tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi kwa maneno yake. Abdilatif hakurudisha nyuma neno lolote, lakini nchi, kwa njia yake ya kuzungukazunguka, ilikuwa kama inakohoa na kutazama pembeni. Tuzo haikuwa msamaha. Yeye alikuwa ameshaondoka Kenya, na aliishi nje miaka mingi, Tanzania, Uingereza na Ujerumani.

Siandiki haya ili kumweka Abdilatif juu ya Mandelstam. Mtu aliyeshikwa koo hapimwi kwa rula tunayoishika tukiwa tumeketi na chai. Akhmatova alikuwa na mtoto kambini. Mimi sina mtoto, sijui ningeandika nini, na ninamshuku yeyote anayesema anajua.

Kitufe cha kufuta

Kizazi chetu kimekulia kwenye kitufe cha kufuta. Unaandika usiku, kufikia asubuhi moto umewaka, unafuta. Halafu skrinshoti inaanza kuzunguka na unabaki huna la kwanza wala la pili. Kufuta kimyakimya sio kughairi, ni kutumaini tu hakuna aliyeona. Stesichorus hakufuta. Alisimama mahali palepale aliposimama mwanzo akasema hadithi ile si ya kweli. Ubaya na marekebisho vikasafiri pamoja, msomaji akaamua.

Upande wa pili, kuna shinikizo. Ukiishi kwa kuandika vipande vya kulipwa kama mimi, unalijua. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia niondoe aya nzima kwa sababu mdhamini hangeifurahia. Tulizungumza karibu nusu saa. Tulijadili mdhamini, tukajadili bajeti, tukajadili lini nitalipwa. Swali la kama aya ile ilikuwa kweli au uongo halikuguswa. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha pili, na bado sijapata bora zaidi. Auden alijiuliza: je, ni kweli? Akaghairi. Mandelstam aliulizwa: je, unataka kuishi? Matokeo yanaweza kufanana kwenye karatasi, lakini maswali ni tofauti kabisa.

Kwa hivyo tukisikia mtu ameondoa kauli, mwanamuziki, mchekeshaji, mwanafunzi aliyechora katuni ya mkubwa, kabla hatujampigia makofi au kumwita msaliti tuulize kwanza swali gani liliwekwa mezani. Kama ni swali la ukweli, basi muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kuchutama huko ni heshima. Tumpe joho. Kama swali lilikuwa ni la kazi yake, mtoto wake au ngozi yake, basi ile toba sio yake. Ni ya aliyeuliza, na yeye ndiye anayepaswa kutajwa tukisimulia kisa.

Na sisi wasomaji tuna kazi ndogo iliyobaki, ile aliyoifanya Nadezhda: kuhifadhi yote mawili, shairi la kwanza na la pili, bila kuchagua lile linalotupendeza. Muda wa kuyasoma upya utakuja, kama ulivyokuja kwa Leningrad katika 1987, na mtu atahitaji kuviona vyote, uongo uliochapishwa, ukweli uliobebwa kichwani, na alama ya gundi kwenye ukurasa.